Jina la Robi Kwenye Kurasa Zote

Disketi ilikuwa imetoweka kwenye droo ya Zubair, mwenye duka la kupiga chapa mjini Kehancha. Kufuli halikuvunjwa. Mwizi alikuwa na ufunguo.

"Ilikuwa na nini?" Inspekta Mellen aliuliza.

"Kitabu changu, nilichokipiga chapa kwa mkono wangu mwenyewe," alijibu mwalimu Rael. "Maisha ya nyanya yangu, Robi, aliyeongoza wanawake kuchimba kisima cha Ntimaru. Jumamosi kisima kinapewa jina lake na kitabu kinasomwa. Sina nakala nyingine, Afande, na nyanya amezeeka."

Mwaka ule wa 1996 duka lilikuwa na kompyuta moja na wenye ufunguo wawili: Zubair, aliyekuwa safarini Migori, na mpiga chapa wake, Machuki. Na asubuhi hiyo Machuki alikuwa ameipelekea kamati ya kisima kitabu kipya kabisa, maisha ya marehemu baba yake, Ryoba. Makubwa hayo! Mellen alikisoma chote, kisha akamwita Machuki dukani.

"Umekiandika mwenyewe?"

"Kila neno, Afande."

"Mwanzoni Ryoba anaoa."

"Ndiyo. Alioa."

"Mbele anasonga ugali mekoni, mtoto mgongoni. Kisha amejitwika mtungi wa maji kichwani. Mwanamume wa Kikuria wa zama zile, Machuki?"

Machuki alizikodolea macho karatasi.

"Ulisoma mwanzo tu," Mellen alisema. "Uliona ameoa, ukatulia. Mimi ni wa Ntimaru. Kwetu mwanamke asiye na mwana wa kiume huoa mke, na Robi alioa. Kompyuta imebadilisha jina, maisha imeyaacha palepale."

Uvivu wa kusoma umewafunga wengi. Machuki alitoa disketi mfukoni.

"Niliiagiza kompyuta itafute Robi kila mahali, iweke Ryoba. Ilimaliza kabla sijameza mate. Walimcheka baba mpaka kaburini, Afande. 'Ryoba wa wanawake.' Nilitaka mara moja tu jina lake lisomwe, watu wapige makofi."

Mellen alimfunga pingu. Rael aliitia disketi kwenye kompyuta, akaketi.

"Sasa naiambia kila Ryoba awe Robi, yaishe."

"Ngoja." Alikuwa nyanya yake, Robi mwenyewe, aliyeingia akiegemea mkongojo. "Utamfuta Ryoba. Si ulimwandika, mjukuu wangu?"

Rael aliondoa mkono. "Nilimwandika, nyanya. Sura ya kisima."

Robi alimgeukia Machuki. "Wanaume wote walisimama kando wakitucheka. Baba yako akaja na jembe lake, akachimba nasi mpaka maji yakatoka. Ndiyo maana wakamwita hivyo. Mimi ninajivunia kuchimba naye, na Jumamosi nitalisema mbele ya watu wote."

Machuki aliinamisha kichwa, akalia. Hakuwa amefika sura hiyo.

Mellen alimvutia Machuki kiti. Rael akaanza kurekebisha, jina moja baada ya jingine, akiuliza kila mara, na Robi akijibu: "Huyo ni mimi. Huyo pia ni mimi. Huyo ni Ryoba, mwache."