Misonobari ya Mama Remei

Jumamosi ile soko la mji wa Girona lilifurika watu, na katika kusukumana Queralt akamkanyaga mwuza nyama mguu. Alivaa gauni la kijani na viatu vya kisigino kirefu, kwa hiyo jamaa aliruka kwelikweli. Queralt akaomba radhi. Mwuza nyama huyo, Ferriol, aproni kifuani na uchokozi machoni, akamwambia kwamba buchani kwake radhi hupokelewa kutoka kwa wanunuzi tu. Queralt akanunua paja la mbuzi asilolihitaji. Wiki iliyofuata akanunua jingine. Haukupita muda akawa anakula mezani kwa Mama Remei, mamake Ferriol, katika nyumba ya mawe juu ya mji, misonobari imeisonga hadi madirishani.

Na hapo ndipo penye kazi. Queralt alikuwa mtaalamu wa kuhesabu moto kabla haujawaka: unaiambia kompyuta nguvu ya upepo, ukavu wa majani na mwinuko wa kilima, nayo inakuonyesha moto utakapopita. Katika ramani yake mpya, kila moto wa kiangazi ulipanda mteremko wa Mama Remei, ukaimeza nyumba, ukashukia mjini. Dawa ni kupunguza misonobari na kuchoma vichaka kwa mpango wakati wa baridi. Kila akitaka kumwambia Ferriol, jamaa anamwita "kipenzi", ulimi unakwama. Mapenzi haya, we acha tu.

Lakini za mwizi ni arobaini. Ferriol aliyajua kwenye mkutano wa mtaa, mbele za watu, nyumba yao ikiwaka nyekundu kwenye ramani ya Queralt ukutani. Akamngoja nje.

"Kumbe unakula kwa mama yangu huku unamhesabia kuni."

"Nilikosea kukuficha. Ila ramani haikukosea."

"Basi ifute."

"Nakupenda, Ferriol, Mungu anajua. Siifuti."

Ferriol akaondoka. Queralt akampigia simu, haikupokelewa. Akapiga tena, ikazimwa. Queralt alilia, akanawa uso, kesho yake akavaa buti na kupanda mwenyewe kwa Mama Remei, akamweleza yote, mti kwa mti. Mama mtu alimtukana akatosheka, akaililia misonobari aliyoipanda marehemu mumewe, kisha akauliza wanaanza lini.

Asubuhi moja ya baridi ya Januari, upepo umetulia, miti imeshapunguzwa na zimamoto wamejipanga mteremkoni, Ferriol akamjia Queralt, kanuna, mikono mfukoni.

"Mama amekubali. Mimi bado."

"Unataka nini?"

"Ukishachoma, nyumba itapona?"

"Moto utakuja siku moja. Ila utakuja mdogo, watu watauweza."

"Basi nikuoe, uhamie humo. Agosti, kiangazi kimekolea na upepo wa kaskazini ukivuma, ulale humo na sisi. Kama unaziamini hesabu zako."

Queralt akautazama mteremko. Alizijua namba zake zote, pamoja na chache ambazo hakuwa na uhakika nazo.

"Nitalala," akasema. "Na kitanda kikae penye dirisha la upande huu wa mteremko."

Ferriol akatoa mikono mfukoni. Queralt akamshika mkono, akaubana, na kwa mkono wa pili akawapungia zimamoto wawashe.