Mtani wa Kisiwani

Uji ulikuwa bado motoni Tekla alipotoka chumbani na kisanduku kitupu mkononi. "Kidani changu cha dhahabu kimeibwa!"

Maua akaduwaa. Yeye na bintiye Batuli walikuwa wametoka Chemchem, Tabora mjini, kuja kupumzika kwenye shamba la Tekla na mumewe Luhende, kisiwa kidogo katikati ya bwawa. Ulikuwa mwaka 1969. Mtumbwi ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa umefungwa pale pale. Mwizi hajaondoka.

"Jana nani aliingia chumbani?" Luhende akauliza.

"Batuli peke yake. Nilimtuma chumvi."

"Wallahi sikugusa kitu, mama!"

Maua akawaza mbali. Batuli kaposwa, habari hii ikivuka maji, posa imevunjika. Na kama kweli kachukua? Alimtazama mwanawe kama mtu asiyemjua. Akapekua kikapu cha Batuli: khanga, kitana, basi. Moyo haukutulia.

Bernardo, mgeni mwenzao, akaangua kicheko. "Wanyamwezi bwana! Mmekosa wa kumwibia, mnaibiana wenyewe!"

Hata Tekla akatabasamu. Bernardo alikuwa Mzigua, na Mzigua ni mtani wao tangu enzi za misafara ya pwani. Jana yake alinyakua kofia ya Luhende, akagoma kuirudisha mpaka akakombolewa kwa karanga.

Maua akashtuka. "Dada Tekla, ile kofia ilikuwa wapi?"

"Chumbani, juu ya kisanduku."

"Aliyeichukua?"

"Si huyu mtani!"

"Mbona hukumtaja?"

"Aa, mtani naye anahesabiwa?"

Maua hakuwa na hakika. Lakini mtani akichukua kitu hutangaza, ili akombolewe. Kidani kilinyamaziwa. Akajikaza.

"Wewe Mzigua! Babu yako alikufa njiani kwa uroho, wazee wetu wakamzika na chungu mdomoni!"

Walingoja arudishe tusi kubwa zaidi. Bernardo akavimba. "Koma, mwanamke! Usimtukane marehemu babu yangu!"

"Mtani gani anayenuna?" Luhende akasema, akauvuta mfuko wa Bernardo, akaupekua. Kidani kilikuwa ndani ya soksi.

Bernardo akaketi chini. "Mimi si Mzigua. Nilijifunza ndani ya treni, tukipita Kigwa: mtani hapekuliwi. Kila nifikapo nauliza wenyeji watani wao nani, najiita hao. Nachukua, watu wanacheka."

Tekla alimwangukia Batuli kumwomba radhi. Luhende akamfunga yule mtu kamba, akatangulia kumvusha kwenda polisi, kisha akarudi kuwachukua wageni wake.

Katikati ya maji Batuli akauliza, "Mama, ungekikuta kwangu, ungenificha au ungenitoa?"

Mtumbwi uligusa ukingo, Maua jibu hana.

Nanyi mlio na mabinti, jibu hilo litafuteni kabla hamjaulizwa.