Chupa Sita za Maharage

Nikutegee kimoja, nawe usikimbilie kujibu. Amezaliwa ndani ya nyumba isiyo na mlango. Chakula chake ni kuta za nyumba hiyohiyo. Mlango hautoboi mpaka siku ya kutoka, na akishatoka, tundu linabaki wazi milele. Ni nani huyo? Jibu lifiche chini ya ulimi. Tutalihitaji kabla ya saa sita mchana.

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Siku ya Utafiti, bibi wa usafi alifungua ukumbi mkubwa wa chuo, ndoo mkono mmoja, ufagio mkono wa pili. Meza arobaini zilikuwa zimepangwa tangu jana, kila moja na bango lake. Ndiyo siku ambayo wanafunzi wa uzamili na uzamivu huonyesha kazi walizozihangaikia miaka, hupigiwa makofi, na mmoja wao hupewa nafasi ya kuendelea na masomo. Bibi hakuzitazama nyingine. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya kumi na saba, meza ya mjukuu wake.

Alikuwa na lake jambo. Jana saa kumi na moja jioni, akipangusa meza hiyo, kitambaa chake kibichi kiligusa saini iliyo juu ya muhuri wa chupa ya tatu ya kijani. Wino ukatanuka, ukawa doa la buluu la ukubwa wa harage. Wafagizi hawaruhusiwi kugusa maonyesho, na wenzake wawili walikwisha kumwaga unga kwa makosa madogo kuliko hilo. Hakumwambia mtu. Hata mjukuu alipompiga picha kando ya chupa, amtumie mama yake, Bibi alitabasamu na roho iko mkononi.

Sasa aliinama kulitafuta doa. Hakuliona. Saini ilikuwa imenyooka, safi. Kabla hajamaliza kushukuru, akaona kilichomo ndani ya chupa.

Chupa zilikuwa kumi na mbili. Sita za alama nyekundu hazikutiwa dawa, na maharage yake yalikuwa yameliwa yakabaki makapi na unga. Sita za alama ya kijani zilichanganywa na unga wa majani machungu, dawa ambayo Bibi mwenyewe alimwonyesha mjukuu uani, tangu yule mtoto hajajua kufunga kamba za viatu. Zote zilifungwa miezi tisa, na kila kifuniko cha wavu kilipigwa muhuri: utepe wa karatasi uliogundishwa kutoka kifunikoni hadi kwenye kioo, juu yake saini ya mwalimu msimamizi. Jana jioni za kijani zilikuwa safi. Leo fukusi walitembea ndani yake kama wenye nyumba.

Na mihuri yote sita ilikuwa mizima.

Saa mbili na nusu majaji walisimama mbele ya meza. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya chini, alizungusha kila chupa, akaitazama kila saini.

"Bango lako linasema hakuna fukusi hata mmoja," alimwambia msichana, yule mjukuu wa Bibi. "Hawa ni nini?"

Msichana aliinama kuzitazama chupa.

Mwalimu msimamizi, mtu nadhifu wa tai na viatu vinavyong'aa, alitikisa kichwa kwa huzuni. "Mihuri haijavunjwa. Kwa hiyo wamekuwamo muda wote, na mtu alifumba macho. Binti, iondoe kazi yako mwenyewe, kabla hujaondolewa wewe."

Mwenyekiti alitoa fomu. "Swali ni moja. Unayasimamia matokeo yako? Ukisema hapana, utafiti unafutwa na unarudi nyumbani bila shahada, lakini bila doa. Ukisema ndiyo, na tukithibitisha umedanganya, unafukuzwa na chuo kinatangaza. Nasubiri jibu mpaka saa sita."

Msichana aligeuka, akatoka ukumbini.

Bibi alimkuta kwenye ngazi za nyuma, ameshika tama.

"Mke mwenzangu," akamwambia, akiketi taratibu kwa ajili ya magoti yake, "unaomboleza nini na maiti hatujaiona?"

"Bibi, niache. Nitasema hapana, yaishe."

"Useme hapana kwa kitu ulichokifanya kweli?"

"Mihuri mizima, Bibi. Nitabishana na nini?"

"Kwanza nijibu. Amezaliwa ndani ya nyumba isiyo na mlango, anakula kuta zake..."

"Fukusi," mjukuu akasema kwa uchovu. "Yai linatagwa juu ya harage, mtoto anajipenyeza ndani, anakulia humo, anatoboa akiwa mkubwa. Umenitegea hicho tangu sina meno."

"Basi twende ukanionyeshe milango."

Walirudi mezani. Mjukuu alichukua kioo cha kukuzia, akazungusha chupa ya kwanza ya kijani, halafu ya pili. Hapakuwa na harage lililotobolewa. Chini ya chupa hapakuwa na unga wa maharage yaliyotafunwa, ule uliojaa kwenye chupa nyekundu.

"Hawakuzaliwa humu," akanong'ona. "Wameingizwa."

"Wangapi?"

Kuwahesabu viumbe wanaotembea si mchezo. Iliwachukua zaidi ya nusu saa, mmoja akihesabu, mwenzake akirudia. Chupa ya kwanza: ishirini. Ya pili: ishirini. Walipofika ya sita, mjukuu aliinua vidole vyote kumi, akavikunja, akaviinua tena.

"Mdudu hajui hesabu," Bibi alisema. "Aliyewatia anajua. Nani chuoni anafuga fukusi?"

Saa nne na robo walimkuta fundi wa maabara akinywa chai mlangoni pa chumba cha wadudu. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari nyuma yake. Bibi alimtazama kwa jicho la mashaka.

"Jana uliwatoa fukusi?"

"Bibi, mimi wa kuulizwa hivyo? Ufunguo uko hapo, kila mwenye koti jeupe anauchukua."

"Nauliza wewe."

"Mimi nikiwatoa nawachota kwa kijiko, mtu aende nao. Kuhesabu ni kazi ya wenye digrii."

"Na wenye digrii wanahesabu ishirini ishirini?"

Fundi akacheka. "Huyo ni msimamizi wa mjukuu wako na wanafunzi wake. Kila jaribio, ishirini kila chupa. Ukimpelekea kumi na tisa anakurudisha. Yule kijana wa meza ya ishirini yeye anatia kumi na tano."

Kijana wa meza ya ishirini aliitwa Poda, maana utafiti wake ulihusu dawa ya unga ya kiwandani. Alikuwa akimtania mjukuu kwa majani yake mwaka mzima, na jana saa kumi na mbili jioni mlinzi alimwona akitoka ukumbini na boksi. Bibi alitazama bango lake kwanza: fukusi kumi na tano kila kikombe.

"Boksi lilikuwa na nini, kijana?"

"Vikombe vyangu vitupu. Bibi, najua unachofikiri." Poda alijikuna kidevu. "Nataka kumshinda mjukuu wako, sikatai. Lakini nataka kumshinda mchana kweupe, nipate cha kumchekea maisha yangu yote. Hivi nitamcheka kwa lipi?"

"Ulimwacha nani ndani?"

"Msimamizi wake. Alisema anakagua mihuri."

Mjukuu aliposikia hayo alishika ukingo wa meza. "Yule ndiye aliyenisomesha, Bibi. Na mihuri ni mizima. Tutathibitisha nini?"

Bibi alikuwa anaangalia chupa ya tatu, mahali ambapo doa halikuwapo. Mara ikamwingia akilini kwa nini halikuwapo, na akaelewa pia kwamba kulisema ni kujivua nguo mbele ya bosi wake.

"Ile picha ya jana," aliuliza, "bado unayo?"

Saa tano na dakika arobaini majaji walirudi pamoja na mwalimu, na nyuma yao msimamizi wa wafanyakazi, kaitwa na Bibi mwenyewe. Bibi alisimama mbele ya meza na ufagio wake.

"Mama, tafadhali pisha," mwalimu alimwambia.

"Nimeshapisha miaka kumi na minne, mwalimu. Leo nina swali dogo. Mihuri hii ndiyo uliyoitia miezi tisa iliyopita?"

"Ndiyo hiyohiyo."

"Hujabadilisha hata mmoja?"

"Hata mmoja. Saini ni yangu, naijua."

"Mwenyekiti umesikia." Bibi akamgeukia msimamizi wa wafanyakazi. "Na wewe sikia lako. Jana niligusa chupa ya tatu kwa kitambaa kibichi, wino ukasambaa. Najua sheria. Kama unga wangu ni wa kumwagika, na umwagike leo, watu wakiona."

Mjukuu alimpa mwenyekiti simu. Kwenye picha ya jana, saa kumi na moja na dakika ishirini, Bibi alitabasamu kando ya chupa, kitambaa mkononi. Mwenyekiti aliikuza. Doa la buluu lilikuwa limekaa juu ya saini, wazi kama jicho. Akatazama chupa iliyo mezani. Saini safi.

"Huu ni muhuri wa tangu jana jioni," mwenyekiti alisema polepole. "Na anayetia saini hii ni mmoja."

"Tena kila chupa ina fukusi ishirini kamili," mjukuu aliongeza, sauti yake ikianza kupata mifupa. "Maharage hayana tundu hata moja. Umewahesabu, mwalimu. Hata ukiharibu, mkono wako umeshindwa kukosea hesabu."

Mwalimu alilegeza tai yake. Watu wa meza za jirani walikuwa wamesogea kusikiliza.

"Kitabu changu kinasema majani haya si dawa," alisema hatimaye. "Miaka ishirini nimefundisha hivyo. Nilimruhusu ayajaribu ili ashindwe, ajifunze. Kisha akafaulu. Leo angesimama hapa, mwanafunzi wangu mwenyewe, mbele ya kila niliyemfundisha..."

"Ulipoyajaribu wewe, majani uliyaanika wapi?" Bibi aliuliza.

"Juani. Yangeanikwa wapi tena?"

"Kivulini. Jua linaua uchungu wake. Ungeuliza tu."

"Ningemuuliza nani?"

"Mimi. Nilikuwa nafagia ofisi yako."

Mwenyekiti akamwambia mwalimu akamsubiri ofisini kwa mkuu wa chuo, naye akaondoka, viatu vyake vikisikika mpaka mlangoni.

"Ngojeni," mjukuu alisema. Alikuwa ameinamia chupa ya kwanza na kioo chake. Fukusi waliokuwa wakitembea asubuhi walikuwa wamelala chali, miguu juu. Alihesabu kwa sauti, wala hakuna aliyemharakisha. "Kumi na sita kati ya ishirini. Hawajamaliza hata siku." Akaenda ya pili. "Kumi na saba." Aliinuka, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. "Amenifanyia jaribio ambalo sikuwa nimelifanya. Chupa sita, ishirini kila moja."

"Kalifanya vizuri pia," Poda alisema kwa uchungu kutoka meza ya ishirini.

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika mbili. Mwenyekiti alitandaza fomu mezani, kati ya chupa nyekundu na za kijani, akafungua kalamu.

"Nilikuuliza asubuhi, hukunijibu. Unayasimamia matokeo yako?"

Msichana alimshika Bibi mkono, ule uliokuwa na ufagio, akamsogeza wasimame bega kwa bega.

"Ndiyo," alisema. "Andika."