Uwanja Wenye Karatasi

Kwa miaka ishirini na sita Papa Ruffin alikuwa mlinzi wa mizigo kwenye stesheni ya reli ya Kalemie. Kazi yake ilikuwa kukagua kufuli za mabehewa kabla ya safari. Kufuli ikilegea kidogo tu, aliuliza. Nani aliigusa? Lini? Kwa nini? Sasa alikuwa amestaafu, lakini tabia ya kuuliza haikustaafu naye.

Alikaa na mke wake, Mama Clémentine, katika kartie mpya, mtaa uliokuwa pembeni mwa mji. Miaka saba iliyopita kulikuwa na nyumba kumi na mbili tu pale. Kisha watu walifika kutoka Nyunzu na Manono. Wengine walikimbia vita, wengine walitafuta kazi. Wafanyakazi wa bandari nao walijenga. Nyumba zikasogeleana. Kila palipokuwa wazi palipata matofali. Ulibaki uwanja mmoja tu wa majani, mbele ya nyumba ya Papa Ruffin.

Kila asubuhi alimtoa mke wake nje, akamkalisha kitini, akampa chai na mkate. Mama Clémentine alipooza upande wa kushoto mwezi wa pili. Mkono ulining'inia. Mguu ulikuwa mzito. Maneno yalitoka moja moja, kwa shida. Zamani hakukosa msiba wala harusi. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi, na tangu augue hakuwa amevuka ua wa nyumba yake.

Siku ya Jumatatu Papa Ruffin aliona vijiti uwanjani. Vilichomekwa kwa mduara mkubwa, na kila kimoja kilifungwa kitambaa chekundu. Mwanamke mmoja alikuwa akipima kwa hatua na kuandika katika daftari.

Papa Ruffin alimwendea.

"Habari ya asubuhi, Mama. Unapima nini hapa?"

"Nzuri, Papa. Ninaitwa Léonie. Ninafanya kazi pa kituo cha afya. Tunataka watu wa kartie wapate nafasi ya kutembea na kucheza."

"Watu gani?"

"Wote. Vijana, wamama, hata wazee."

"Nani alikutuma?"

"Wagonjwa njo walinituma, Papa. Kila juma tunapokea watu wa tansyo. Damu inasukuma kwa nguvu mno, na wenyewe hawajui. Wengi wanakaa tu, kwa sababu nafasi ya kutembea imekwisha. Niandike jina lako?"

"Jina langu liache," alisema Papa Ruffin, akarudi nyumbani.

Mama Bijou, jirani aliyeuza samaki wadogo wa ndagala kando ya njia, alikuwa amesikia yote.

"Mimi sisemi kitu," alisema. "Lakini ng'ambo ya mto waliandika majina vilevile, kisha watu wakaambiwa wahame."

"Uliwaona?"

"Niliambiwa. Ao ni mambo ya kanisa mpya. Ao ya siasa. Muntu hatembezi wazee bure."

Papa Ruffin alifikiri mchana kutwa. Aliwahi kuona vijiti kama vile. Leo kijiti, kesho kamba, kesho kutwa ukuta. Jioni alitoka, akaving'oa vyote, akaviweka nyuma ya jikoni.

Kesho yake Mama Léonie alikuja na vijiti vingine. Alivichomeka bila kuuliza mtu. Papa Ruffin akaving'oa tena.

Siku ya Jumatano Mama Léonie alipiga hodi.

"Papa, vijiti vyangu viko nyuma ya jikoni yako. Sikuja kugombana. Nimekuja kumusalimia Mama."

Papa Ruffin alitaka kumfukuza. Lakini Mama Clémentine alikuwa ameshanyoosha mkono wake mzima kumpokea mgeni. Mama Léonie akachutama mbele yake.

"Mama, naweza kushika huu mukono mwingine?"

Mama Clémentine aliitikia kwa kichwa.

"Usimupe dawa yoyote," alisema Papa Ruffin. Alisimama karibu kabisa.

"Sina dawa, Papa. Niambie, siku yake inapita namna gani?"

"Anakaa. Docta alisema apumzike."

"Alisema hivyo lini?"

"Mwezi wa pili, wakati ugonjwa ulimupiga."

"Hizo zilikuwa siku za kwanza. Mulirudi kwake?"

Hawakurudi. Dawa za tansyo walinunua, mke wake alizimeza kila siku, lakini kwa daktari hawakurudi.

"Sikiliza, Papa," alisema Mama Léonie. "Kiungo kisichotumika kinasahau kazi yake. Mugonjwa wa namna hii anapumzika kwanza. Kisha docta akikubali, anaanza kukitumia kiungo kidogo kidogo, kila siku. Dawa haachi. Akisikia kizunguzungu ao maumivu ya kifua, anasimama na kuenda kituoni mara moja. Hata muntu muzima anahitaji kutembea. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa juma. Inashusha tansyo, inaleta usingizi. Na kukaa peke yako kila siku ni uzito mwingine."

Kisha Mama Clémentine akasema polepole, "Nataka... kuenda."

Papa Ruffin alimtazama mke wake. Akamtazama Mama Léonie.

"Nipe hilo daftari."

Mama Léonie alimpa. Papa Ruffin alisoma ukurasa baada ya ukurasa. Kulikuwa na majina, umri, na vipimo vya tansyo. Hakuna kingine.

"Majina haya yanaenda wapi?"

"Yanabaki kwangu, ndani ya kabati yenye kufuli. Yananisaidia kujua nani nimupime tena. Asiyetaka kuandikwa, anakuja vilevile."

"Na uwanja huu njo wa nani?"

"Chefu wa kartie alisema tunaweza kuutumia."

"Alisema. Aliandika wapi?"

"Hakuandika," alisema Mama Léonie.

"Basi hauna uwanja, Mama. Unayo maneno tu. Utafundisha watu kutembea hapa, na siku moja watakuta ukuta."

"Unasema kweli, Papa. Hilo sikuliwaza."

Papa Ruffin hakutegemea jibu hilo. Watu aliowahoji stesheni walikuwa wakikasirika. Huyu alikubali kosa lake. Papa Ruffin alienda nyuma ya jikoni, akaleta vijiti vyote.

Alhamisi walimpeleka Mama Clémentine kwa daktari. Daktari alimpima, akakubali aanze mazoezi mepesi. Ijumaa Papa Ruffin na Mama Léonie walikwenda kwa chefu wa kartie, Papa Théophile.

"Nafasi ipo tu," alisema Papa Théophile. "Mutumie. Karatasi ya nini?"

Papa Ruffin aliona kwamba anaongea huku anatazama dirishani.

"Papa Théophile, kuna muntu mwingine aliyeomba uwanja huu?"

Chefu alikohoa. Alipanga kalamu zake mezani. "Wawili," alisema mwishowe. "Wanataka kujenga. Sijawajibu. Mimi peke yangu sina nguvu ya kuwakataza."

"Wenye nguvu ni nani?"

Basi Papa Théophile akawaeleza. Wakaaji waandike barua kwa komini, ofisi iliyo juu yake, waombe uwanja uwekwe kuwa nafasi ya watu wote. Watie sahihi wengi. Yeye mwenyewe ataongeza sahihi yake. Kisha fundi wa kupima ardhi atakuja kuchora ramani.

"Na barua ikipotea?" aliuliza Papa Ruffin.

"Pelekeni nakala mbili. Moja inabaki kule. Nyingine inapigwa muhuri na tarehe, munarudi nayo."

"Hapo tunaanza kusikilizana," alisema Papa Ruffin.

Kupata sahihi hakukuwa kazi rahisi. Mama Bijou alikataa mara mbili. Watu waliokimbia vita waliogopa zaidi, kwa kuwa walishaandikwa kwenye orodha nyingi na hawakujua zilikwenda wapi. Papa Ruffin hakuwalaumu. Alisoma barua mlangoni mwa kila nyumba, neno kwa neno, akamwachia kila mtu nafasi ya kuuliza. Siku ya tatu Mama Bijou alishika kalamu.

"Kama wewe umetia sahihi," alisema, "basi umeipekua mpaka mifupa."

Walipata sahihi mia moja na nane. Nakala yao ilirudi na muhuri. Wiki tano zilipita, na wakaenda kuuliza mara nne, ndipo fundi alipokuja na mkanda wa kupimia. Ramani ilipotoka, uwanja ulikuwa umeandikwa kuwa nafasi ya watu wote, na Papa Ruffin alipewa nakala.

Wakati huo wote Mama Clémentine alikuwa akijifunza. Juma la kwanza alisimama na kukaa mara tano asubuhi, mara tano jioni. Mama Léonie alimwonyesha namna ya kufungua vidole vya kushoto kwa kutumia mkono wa kulia. Juma la tatu alivuka ua. Juma la sita alifika kijiti cha kwanza akishika fimbo. Papa Ruffin alimfuata nyuma. Alisema anakuja kuchunga tu mambo yanavyokwenda.

"Kwa kuwa uko hapa, leta mukono nikupime," alisema Mama Léonie.

Kipimo kilikuwa juu sana.

"Mashine yako ni mbovu," alisema Papa Ruffin. "Pima tena."

Mama Léonie alipima tena baada ya kumpumzisha. Juu vilevile. Papa Ruffin alikwenda kituoni apimwe na mtu mwingine kwa mashine nyingine. Wakampima siku tatu mbalimbali. Hakukuwa na tofauti. Daktari alimwandikia dawa, akamwambia apunguze chumvi na atembee. Tangu siku hiyo hakufuata tena nyuma ya mke wake. Alitembea pembeni yake.

Mwezi wa pili wa mwaka mpya ulipofika, asubuhi moja lori lilisimama uwanjani. Vibarua wanne walianza kushusha matofali. Bwana mmoja mwenye shati safi alikuwa akiwaelekeza.

"Habari, Papa," alisema Papa Ruffin. "Unajenga?"

"Ninajenga pangu. Niko na karatasi."

"Naweza kuiona?"

Bwana yule alimpa bila wasiwasi. Papa Ruffin aliisoma taratibu. Jina la avenue, yaani la barabara, halikuwa la pale. Muhuri haukuwepo, sahihi ilikuwa moja tu. Hakupandisha sauti. Alimtuma Mama Bijou nyumbani kuleta ramani na barua, akamwonyesha bwana yule.

"Papa, muntu aliyekuuzia alikuuzia pa wengine. Usiniamini mimi. Twende komini, wewe na mimi, tuwaulize."

Walikwenda. Mchana yule bwana alirudi peke yake, uso umemshuka. Aliwaambia vibarua wapakie matofali. Alikuwa amedanganywa, na hakuwa ameuliza popote kabla ya kununua. Papa Ruffin alimpa maji ya kunywa, akamwelekeza pa kupeleka malalamiko yake.

Siku hizi uwanja hulala asubuhi na kuamka jioni. Wasichana hucheza voliboli katikati. Watoto wana kona yao. Wazee na wagonjwa hutembea kwenye mduara wa nje, waliozaliwa Kalemie pamoja na waliofika juzi. Tansyo ya Papa Ruffin imeshuka, ingawa bado humwomba Mama Léonie apime mara mbili.

Jumamosi iliyopita walikuja wageni watatu kutoka kartie nyingine. Walikuwa na uwanja kama huu, na vijiti vya mtu wasiyemjua vilikuwa vimeanza kuonekana. Mkubwa wao, Papa Elie, alimwuliza Papa Ruffin waanzie wapi.

Kabla hajajibu, Mama Clémentine alimshika yule mzee mkono kwa vidole vyake vya kushoto.

"Mutembee na mimi, nitawaeleza," alisema. "Kwanza munaandika barua. Munaisoma mbele ya watu wote, hata wale wanaoogopa. Munapeleka nakala mbili, na hamurudi bila muhuri."

Aliwapeleka kwenye mduara polepole, huku akiendelea kueleza. Papa Ruffin hakuwa amemsikia akisema maneno mengi hivyo tangu augue. Alibaki nyuma hatua chache, ili asimkatize.