Glasi ya Maji katika Chumba 614

Siku ya kwanza maji yalipungua kidole kimoja, na Ivanilda akafurahi. Kwao kisiwani, mjini Mindelo, mtu akifa huwekewa glasi ya maji nyumbani kwake siku saba, ili roho ikija kuaga ipate cha kunywa. Mama yake alifariki siku ileile meli ya watalii aliyofanyia kazi ilipong'oa nanga Lisbon. Msimamizi alimpa pole, akampa na vyumba kumi na sita vya kusafisha. Basi akaweka glasi yake mwenyewe katika chumba 614, kilichofungwa kwa ubovu wa choo.

Siku ya pili, wageni waliposhuka Madeira kupiga picha maua, akayaonja yaliyobaki. Yalikuwa na chumvi.

"Umeyaweka wapi?" aliuliza Adérito, mtu wa kisiwa chao, alipomsimulia walipokuwa wakikunja mashuka kwenye chumba cha kufulia.

"Humuhumu melini."

Adérito akashusha sauti. "Dada, una akili kweli? Maji yale huwekwa nyumbani kwa marehemu, roho inaujua mlango wake. Huku baharini unamkaribisha nani? Mama yako hata kwenye kivuko cha kwenda kisiwa jirani cha Santo Antão alikuwa anatapika."

"Niache."

"Nakuacha. Lakini kayamwage."

Hakuyamwaga. Mara ya mwisho kuongea na mama kwa simu waligombana. Mama alimtaka arudi nyumbani, naye kwa hasira akamjibu, "Nitakuja kukuzika," akakata simu. Na huko kuzika kwenyewe hakuzika. Alichotaka sasa ni neno moja tu la msamaha, na hakujua pengine pa kulitafuta.

Siku ya nne walitia nanga Las Palmas. Ilikuwa saa sita mchana, jua linawaka, watoto wa wageni wanarukia bwawani ghorofa ya juu, na Ivanilda alipofungua 614 alipokewa na harufu ya mwani na ya nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo, kisha akaona zulia limelowa, nyayo zimetoka bafuni moja moja hadi kwenye kiti kilichoelekea dirishani na hazikurudi, na kabla hajapata nguvu ya kugeuka kile kiti kikatoa mlio kama kimekaliwa na mtu anayejiweka sawa, na sauti ya mama yake, pamoja na kile kikohozi chake cha asubuhi, ikasema, "Ivanilda, mwanangu. Nimekusamehe."

Akapiga magoti akalia mpaka kifua kikamuuma. Kesho yake akarudi, na keshokutwa, na kila mara alisamehewa kabla hajamaliza kuomba. Hilo ndilo lililoanza kumtafuna. Mama yake alimnunia kaka yake wa tumbo moja miaka kumi na mmoja kwa sababu ya kuku. Alikuwa mama mzuri, lakini kusamehe upesi hakujua.

Siku ya saba wakafika Mindelo. Alipewa ruhusa ya saa mbili. Nyumbani alikuta wanawake wanakunja mkeka wa matanga, na dada yake Zenaida ameshika glasi iliyojaa maji.

"Umekuja kuosha vyombo?" Zenaida aliuliza.

"Dada, nisamehe. Mama alikuja?"

"Alikuja. Maji yalipungua kila siku, na saa ya kahawa mlango ulifunguka wenyewe. Alikuwa anakungoja wewe. Leo hayakuguswa. Amechoka, amekwenda zake."

"Hakusema kitu?"

Zenaida akaweka glasi chini, akashika ncha ya mkeka. "Tangu lini maiti akasema, Ivanilda?"

Bibi Tanha, aliyeongoza sala, akamshika mkono wa gauni akaunusa. Akamvuta pembeni, akamhoji mpaka akaeleza habari yote ya chumba 614. "Jini la bahari hilo," alinong'ona. "Limeona kiu yako. Kamwage maji hayo baharini, ufunge mlango. Litakuita. Usiitike. Ukiitika mara moja tu, hutashuka tena kwenye meli ile."

Ivanilda alipomgeukia dada yake, Zenaida alikuwa ameshampa kisogo, anaendelea kukunja mkeka. Honi ya meli ikalia kutoka bandarini. Hakuna aliyemsindikiza.

Alipanda moja kwa moja hadi 614. Glasi ilikuwa tupu, kavu kabisa. Hapakuwa na cha kumwaga. Angeweza kuichukua, akafunga mlango, akaenda kufanya kazi yake. Dirishani Mindelo ilikuwa inasogea mbali, nyumba zake za rangi ziking'aa juani, na mojawapo ilikuwa ile ambayo watu wake hawakutaka hata kumwangalia usoni. Alijua vizuri kwamba kilichokaa kwenye kiti hakikumzaa. Akaijaza glasi bombani, akaiweka mezani, akaufunga mlango kwa ndani.

"Ivanilda," sauti ikaita, taratibu.

"Abee, mama."