Simu ya Mama Katika Akaunti ya Aila

Kila alasiri Aila Niemi alirudi kutoka shuleni, akakung'uta theluji viatuni, akapasha viazi vilivyolala, kisha akagombania kiti cha kompyuta na dada yake Senja. Kompyuta ilikuwa moja kwa watu watatu, na kila mtu alikuwa na akaunti yake na nenosiri lake. Amri ya mama ilikuwa fupi: simu yake isichomekwe popote ila katika akaunti yake mwenyewe.

Alhamisi hiyo mama alienda zamu hospitalini akasahau simu mezani. Simu ya Aila ilikuwa imevunjika kioo, na kesho yake darasa lao lingesafiri kwa basi hadi mji wa Duluth. Aila akaona aijaze simu ya mama nyimbo zake. Ruhusa angeomba baadaye.

Akafungua akaunti yake, akachomeka waya. Programu ya kusawazisha simu, ile inayonakili vitu kati ya simu na kompyuta, ikagoma: inatumika katika akaunti nyingine. Mama alikuwa ameondoka bila kuifunga yake. Aila akazima kompyuta nzima na kuiwasha upya. Sasa yakatokea maandishi marefu. Alisoma maneno ya kwanza tu, asifike pale paliposema kwamba vilivyomo simuni vitafutwa, akabonyeza "Ndiyo".

Mstari wa kijani ukatambaa hadi mwisho. Nyimbo zake zikawa zimeingia. Sauti za babu zikawa zimetoka.

Babu Reino alifariki kabla ya Krismasi. Katika miezi yake ya mwisho mama alikuwa akikaa kitandani pake na kumrekodi: alivyoingia mgodini akiwa kijana, alivyotumbukia ziwani barafu ilipopasuka, na kile kicheko chake kilichoishia katika kukohoa. Mama hakuwa ameweza kuzisikiliza bado. Jumamosi ndugu wangekusanyika kwenye chumba cha chini cha kanisa, wanywe kahawa na kumsikia. Hakuna mwingine aliyekuwa na sauti ya babu.

Aila alichomoa waya, akachomeka tena. Alipekua kila pembe ya simu. Hakuna kitu.

"We, mbona umekauka hivyo?" Senja aliuliza mlangoni.

"Dada, kitu kikifutika kwenye simu kinarudi?"

"Kikifutika kimeenda. Umefuta nini, barua za mpenzi?"

"Hakuna. Toka!"

"Haya, bibi harusi, natoka."

Aila akafuta nyimbo zake zote, akairudisha simu mezani pale pale ilipokuwa. Usiku aliuma mto ili asisikike akilia. Kwenye basi la Duluth wenzake waliimba mpaka sauti zikawakauka. Yeye alitazama theluji dirishani, akiomba Jumamosi isifike. Alifikiria kusema simu ilianguka. Alifikiria kukaa kimya tu. Kila alilofikiria, babu alibaki amepotea.

Jumamosi ikafika. Mama alikuwa amevaa gauni jeusi, na bakuli la viazi vya kupeleka kanisani lilikuwa tayari limefunikwa. Alifungua akaunti yake, akashika waya.

"Ngoja niichaji kidogo tuondoke. Aila, vaa soksi."

"Mama."

"Soksi, mwanangu!"

"Mama, ngoja! Sauti za babu hazimo. Nilizifuta mimi."

Mkono wa mama ukasimama hewani. "Uliichomeka wapi?"

"Kwenye akaunti yangu."

"Baada ya hapo imechomekwa kwenye yangu?"

"Hapana."

Mama aliweka waya chini kama mtu aliyeshika kaa la moto. Akafungua programu, akazuia isijiendeshe yenyewe. Akatafuta. Nakala ya Jumapili iliyopita ilikuwepo, ndani ya akaunti yake. Ndipo akachomeka simu na kuagiza nakala irudishwe. Mstari wa kijani ukatambaa tena.

Kisha babu akacheka. Akacheka, akakohoa, akaanza habari za barafu. Mama akafunika uso kwa viganja, akasikiliza mpaka mwisho.

"Unajua nilikuwa karibu kufanya nini?" alisema alipojifuta machozi. "Kwenye akaunti yangu programu huanza yenyewe simu ikichomekwa. Ingechukua simu tupu na kuibandika juu ya nakala nzima. Ningempoteza baba yangu kwa mkono wangu, na wewe umesimama hapo unaniangalia."

"Nisamehe, mama."

"Kubonyeza bila kusoma ni uzembe, na utanisafishia theluji mlangoni hadi barafu ya ziwa iyeyuke. Lakini kilichotaka kumaliza kila kitu ni kule kunyamaza kwako. Ukiharibu, sema. Sema siku hiyo hiyo, wakati bado kuna cha kuokoa."

Akampa Aila simu. "Ibebe wewe."

Aila aliishika kwa mikono miwili hadi kanisani, na kahawa ilipomiminwa, yeye ndiye aliyemfungulia babu azungumze.