Beringi ya Tisa

Kigingi cha tisa kilikuwa kitupu. Vile vingine kumi na kimoja, kwenye ubao unaotazama bahari hapo Kilwa Masoko, kila kimoja kilishika beringi yake, ya aloi, yaani mchanganyiko wa metali, tofauti na ya mwenzake.

"Zimepigwa na chumvi miaka mitatu," alisema mhandisi Valerian. "Isiyoshika kutu itafungwa kwenye mitambo ya kwenda anga za juu. Ya tisa ndiyo iliyoshinda. Jana nilitangaza, leo haipo. Ni Stefano tu, yule wa vyuma chakavu."

Stefano alikuwa mahabusu tangu asubuhi. Tangu biashara hiyo iruhusiwe, kila kinachopotea Masoko hutwikwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na Inspekta Dativa alikwisha kuchoshwa na uvivu huo wa kufikiri.

Aliinama. Vigingi vyote vilikuwa vyeupe kwa chumvi, ila cha tisa kilikuwa na utando mweusi unaonata. Alinusa. Mafuta ya maganda ya korosho, yale ya kupaka mbao zisiliwe na mchwa. Huunguza ngozi.

Akamwendea mlinzi, Mzee Abilahi, aliyekaa na ubao huo usiku na mchana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande."

"Naomba nione mikono."

Vidole viwili vilikuwa vimebabuka.

"Beringi iko wapi, mzee?"

Abilahi alizunguka nyuma ya kibanda, akarudi na ndoo ya maji ya bahari. Ndani yake beringi ilikwisha kuwa nyekundu kwa kutu.

Valerian alishika kichwa. "Si nilikukataza kuzigusa?"

"Ulinikabidhi, mwanangu. Kwetu amana hurudishwa kama ilivyopokelewa. Hii ilianza kutu mwezi wa kwanza tu. Nikaona aibu, watu watasema Abilahi amelala. Nikawa naipaka mafuta. Ukikaribia kuja, naifuta kwa mafuta ya taa."

"Sasa kwa nini uiibe?" aliuliza Dativa.

"Jana ndipo nilipoelewa kwamba walichokuwa wanakitafuta ni hiyo kutu. Uongo wangu unapelekwa huko juu, ambako hakuna wa kuupaka mafuta. Nikashindwa kusema, nikaitia majini ishike kutu yake. Miaka sitini sijaitwa mwongo, afande."

"Na Stefano?"

Mzee aliinamisha uso, machozi yakamtoka. "Huyo ndiye aliyenishinda. Tangu wamchukue sijaweza kumeza kitu."

Dativa alimwonea huruma, lakini kazi ni kazi. Aliagiza Stefano aachiwe, kisha akamsaidia mzee kupanda gari.

Kabla mlango haujafungwa, Abilahi alimgeukia Valerian.

"Atakayekuja baada yangu, mweleze vizuri. Mwambie asizitunze."